Ruta Haifichi Nyumba Yako

Msomaji anauliza: fundi aliyemfungia intaneti nyumbani kamwambia asiwe na wasiwasi, vifaa vyote vya humo ndani vinatoka nje kwa anwani moja, hivyo hakuna atakayejua nani ni nani. Ni kweli?

Fundi kasema nusu. Kjeld Egevang na Paul Francis walipouandika utaratibu huu wa kutumia anwani moja kwa vifaa vingi mwaka 1994, hofu yao ilikuwa anwani za intaneti kwisha, maana wakati ule zilikuwa kama bilioni 4.3 tu. Faragha haikuwa shabaha. Ruta (wapo wanaotaka tuseme kipanga njia, dukani utaangaliwa tu) hufuta anwani ya simu yako, tuseme 192.168.1.7, huweka yake, kisha huandika kwenye jedwali ili jibu likija lijue pa kwenda.

Utamu uko hapa. Mwaka 2002 Steven Bellovin, mtafiti wa kampuni ya simu ya AT&T huko Marekani, alionyesha jinsi ya kuhesabu kompyuta zilizo nyuma ya ruta bila kuingia ndani. Kila pakiti, yaani kipande cha data kinachosafiri mtandaoni, ilibeba namba ya utambulisho, na kompyuta nyingi za wakati ule ziliipandisha moja moja hadi 65,535, kisha zikaanza upya. Ruta ilibadilisha anwani, namba hiyo ikaiacha ilivyo.

Fikiria S.L.P. ya shule. Karani anafuta jina la kila mwanafunzi na kugonga muhuri wa shule, lakini wanafunzi wana mazoea ya kuandika namba kwenye kona ya bahasha. Mtu wa posta anaona 501, 9020, 502, 9021, 9022, 503. Hajafungua barua hata moja, ila keshajua waandishi ni wawili. Akivumilia wiki, atajua pia nani mwandishi hodari, nani huandika usiku, na barua za yupi huenda kwa nani. Karani bado anagonga muhuri kwa bidii.

Mifumo mingi ya leo huzichanganya namba hizo, sawa. Lakini hata muhuri ukigongwa vizuri, barua yenyewe ina jina lako ndani: umeingia kwenye akaunti, kivinjari kimebeba vidakuzi (alama ambazo tovuti huacha humo ili zikutambue), na kampuni ya intaneti ina mkataba wako.

Ruta humzuia mgeni asiyealikwa kuanzisha mawasiliano kutoka nje, kwa kuwa hayumo kwenye jedwali, na hilo si dogo. Ila ukitaka faragha, anza kwa kutoka kwenye akaunti usizozitumia na kufuta vidakuzi. Ruta haivigusi.