Kumwandikia Roboti Wali wa Nazi

Aprili 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) iliidhinisha mtaala wa kampuni ya Kodris Africa wa kufundisha uandishi wa programu za kompyuta katika shule za msingi na sekondari. Swali lililobaki ni la mwalimu wa Matsangoni, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi: aanzie wapi na mtoto ambaye hajawahi kuiandikia mashine hata agizo moja? Mimi nasema aanzie jikoni. Upo mtindo wa michezo ya video ya mafumbo ambamo mchezaji hapiki mwenyewe. Humpangia roboti hatua za mapishi, akabonyeza, kisha akatazama. Roboti hufanya aliloambiwa tu. Chakula kikiharibika, mchezaji huyarudia maagizo yake kutafuta hatua iliyomponza, na kusaka kosa namna hiyo ni sehemu kubwa ya kazi ya mwandishi wa programu.

Tuchukue wali wa nazi. Nazi hukunwa kwa mbuzi na kukamuliwa tui zito. Chicha hutiwa maji na kukamuliwa tena, likatoka tui jepesi. Hilo jepesi huchemshwa kwa chumvi, mchele ukatiwa, tui zito likafuata, na maji yakikauka sufuria hufunikwa na kupaliwa makaa. Ukimwambia binti aliyezoea jiko “tia tui”, atajua ni lipi. Roboti hajui. Matui mawili yanataka majina mawili na vyombo viwili, la sivyo yatachanganyika. Hapo mwanafunzi amekutana na vigeu. “Maji yakikauka, palia” ni sharti. Na hatua za kukamua tui zikishapewa jina moja, huitwa tena kwa mchuzi wa samaki, kwa maharagwe, kwa mchicha, bila kuandikwa upya. Hili ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa kuwa programu kubwa hujengwa hivyo hivyo.

Kuna atakayesema upishi ni pua na ulimi, wala mpishi wetu hapimi chumvi kwa gramu. Ni kweli, na faida iko papo hapo: mtoto anayelazimika kueleza “kukauka” kwa kitu kisichoona wala kunusa hugundua ni maarifa mangapi ambayo nyumbani hayasemwi. Pingamizi zito zaidi ni uhaba wa vifaa. Lakini huko New Zealand, mwanasayansi wa kompyuta Tim Bell na wenzake walikwisha kuonyesha kuwa misingi hii hufundishika bila kompyuta. Mwanafunzi mmoja anaweza kuwa roboti, wenzake wakampangia kadi za maagizo. Kasoro ya njia hii ni kwamba roboti mwenye huruma hukisia, akamsahihishia rafiki yake kimyakimya, jambo ambalo mashine haifanyi. Kwa hiyo kadi zitangulie, na saa chache za kompyuta zilizopo zitumike kujaribu maagizo yaliyokwisha kuandikwa, wavulana na wasichana kwa zamu sawa.