Umeme unavyoitambua sikoseli

Mwanao analia maumivu ya mifupa mara kwa mara, mikono na miguu inavimba, macho yana manjano? Usikae ukadhani ni husuda. Mpeleke kituo cha afya, uulizie kipimo cha sikoseli (selimundu).

Kipimo kinafanyaje kazi?

Njia mojawapo ni hii: hutolewa damu kidogo, kisha himoglobini, protini inayobeba oksijeni, husukumwa kwa umeme. Kila aina husogea kwa mwendo wake.

Aliyeiendeleza njia hii ni Arne Tiselius, mkemia wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Aliipatia shahada ya udaktari mwaka 1930, lakini hakuridhika na chombo chake. Mwaka 1937 alitoa kipya kilichotenganisha vizuri protini za damu, na 1948 akapata Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, Marekani, walipima himoglobini kwa chombo cha aina hiyo. Ya mgonjwa wa sikoseli ilisogea tofauti na ya mzima. Waliorithi kwa mzazi mmoja tu walikuwa na aina zote mbili.

Kwako ina maana gani?

Mzazi anaweza kuwa mzima kabisa na bado akabeba sikoseli. Wazee wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kuwa na mtoto mgonjwa. Basi mama asilaumiwe peke yake. Pimeni nyote wawili, ikiwezekana kabla ya ndoa.

Na mtoto mwenye sikoseli akipata homa, usingoje asubuhi. Mkimbize hospitali.