Pailasoni ya mbao mbele ya depo: matope yabaki inje



Wakati wa mvua, kila mutu anayetoka shambani anafika kwenye depo na shamba lake chini ya mabote. Anapima mavuno, anasaini katika kitabu, anaenda. Yeye ameenda, lakini udongo wake umebaki. Nyuma yake anakuja mwengine, na mwengine tena. Magaribi ukiangalia chini, simenti haionekani.

Wengi wanasema: «Matope ni matope tu, kesho tutafagia.» Sisi pia tulisema hivyo, mpaka tulipoona mambo tatu. Jambo la kwanza: magunia yaliyo karibu na mulango yalivuta unyevu, na maharagi ya chini yakaota kuvu. Muuzishaji hawezi kumuficha mununuzi harufu ya kuvu. Jambo la pili: mama mumoja alikuwa na gunia mugongoni, akateleza pale mulangoni. Mungu alisaidia, hakuvunjika, lakini alikaa nyumbani wiki mbili wakati wa palizi. Jambo la tatu njo lilituumiza zaidi. Wamemba walikuwa wamechangia franka kwa kununua mbegu safi ya viazi, wakaiweka katika ile depo. Musimu uliofuata, munyauko ukatokea katika mashamba ambayo zamani hayakuwa nao.

Hatuwezi kusema ni mabote yaliyouleta. Lakini munyauko wa viazi unatoka kwa bakteria inayoishi katika udongo, na inasafiri pamoja na udongo: kwenye jembe, kwenye viatu, kwenye mbegu yenyewe. Na ile depo ilikuwa pahali ambapo udongo wa mashamba yote ulikuwa unakutana.

Ndiyo maana mwezi huu tunaeleza kazi ndogo ambayo kijana mwenye nyundo na musumeno anamaliza kwa siku moja: pailasoni ya mbao, yaani kipanguso cha miguu cha kuweka mbele ya mulango. Inafaa depo, inafaa pia nyumba yako.

Namna inavyofanya kazi

Gunia la zamani tukiliweka mulangoni, siku ya kwanza linapangusa, siku ya pili limejaa, siku ya tatu lenyewe linachafua. Mbao zilizoachana kidogo zinafanya namna ingine. Ukivuta mguu, ukingo wa mbao unakwangua udongo, na udongo unaanguka katika nafasi iliyo kati ya mbao. Unabaki chini, mbali na mguu wa yule anayekuja nyuma. Kwa hiyo ile nafasi ndiyo inafanya kazi kubwa. Ukibananisha mbao juu ya kutafuta uzuri, umetengeneza meza fupi, si kipanguso.

Vitu vya kutafuta

Kwa mulango wa kawaida wenye upana wa karibu santimetre 90, tafuta:

- bao moja lenye urefu wa metre 2 na santimetre 40, upana santimetre 20, unene santimetre 2 na nusu;
- misumari 54 ya santimetre 6, pamoja na mingine michache, maana mingine itapinda;
- vipande 6 vya mupira wa gari uliozeeka, pamoja na misumari mifupi ya kuvipigilia;
- karatasi ya msasa, nyundo, musumeno, kamba au metre ya kupimia.

Mbao ya mukaratusi ni nguvu na inapatikana, lakini inapasuka upesi ukipiga musumari bila kutoboa kwanza. Grevilea ni rahisi kufanya nayo kazi, na ina michoro mizuri ndani yake. Ukiwa jirani ya fundi wa mbao, muombe vipande anavyotupa. Vikiwa na unene mumoja, vinafaa sana. Hapana kutumia mbao mbichi: itajikunja na kuachilia misumari. Iweke kivulini, pahali upepo unapita, mpaka ikauke vizuri.

Kazi yenyewe

1. Pasua bao kwa urefu ili upate vipande vya upana wa santimetre 4. Upana wa 20 unatoa vipande vinne, kwa sababu musumeno nao unakula kidogo. Kisha kata kila kipande kwa urefu wa santimetre 80. Utapata 12.

2. Vipande 9 ni vya juu. Vile 3 vinavyobaki vikate tena kwa santimetre 48: ndivyo vya chini, vya kubeba vingine.

3. Piga msasa pande zote. Ondoa vijiti vidogo vinavyoweza kuchoma mutoto anayepita miguu mitupu. Lakini usivirungushe vile vingo vya juu sana. Ni vyenyewe vinakwangua matope.

4. Panga vile 3 vya chini, kimoja katikati, vingine viwili santimetre 5 kutoka kila mwisho. Weka juu yake kipande cha kwanza na cha mwisho. Pima kutoka pembe mpaka pembe, kisha pima pembe zingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, karibu santimetre 93, pailasoni yako haijapinda.

5. Tafuta kijiti chenye unene wa santimetre 1 na nusu. Kiweke kati ya kipande na kipande kila mara kabla ya kupigilia. Mbao 9 za santimetre 4, pamoja na nafasi 8, zinajaza santimetre 48 kamili.

6. Kila pahali mbao zinapokutana, piga misumari miwili, mumoja upande huu, mwengine upande ule, isifuatane kwenye musitari mumoja wa mbao. Kwanza toboa tundu dogo, hata kwa musumari uliowashwa katika moto. Musumari utatokea chini karibu santimetre moja. Geuza pailasoni, kunja ile ncha na nyundo mpaka ilale ndani ya mbao. Musumari uliokunjwa hautoki, hata kama watu mia wanapita kila siku. Kichwa chake juu nacho kizamishe kidogo.

7. Chini, pigilia vile vipande 6 vya mupira. Vinazuia mbao kunywa maji kutoka simenti, na vinazuia pailasoni kuteleza.

Kwa nini kuipamba?

Hapa wengine watacheka: «Ni kitu cha kukanyaga, urembo wa nini?» Tuwaambie tulichoona. Depo moja ilitengeneza ya kwanza haraka haraka, kwa vipande vya kila namna, kimoja kirefu, kingine kifupi. Baada ya siku chache haikuonekana tena. Ilikuwa imeingia chini ya chungu cha maharagi. Na nani atamulaumu yule mama? Aliona kuni, akachukua kuni.

Ya pili, muzee mumoja mwenye kujua mbao aliitengeneza kwa kupima, akaweka mbao nyeusi na nyeupe kwa mupango, akaandika jina la kooperative katikati. Ile haikupotea. Watu waliisimamia, wakaangalia, na wakati wanaangalia, wakapangusa miguu. Sasa watoto wa pale njo wanakaripia wakubwa: «Papa, umeruka jina letu!» Kitu kizuri kina mwenyewe, kitu kibaya ni cha kila mutu, yaani si cha mutu.

Kwa kupata rangi bila kununua rangi, tumia moto. Kabla ya kupigilia, pitisha vipande vinne juu ya miali ya moto mpaka uso uwe mweusi, bila kuachia mbao iwake. Kisha sugua na burashi au majani makavu mpaka masizi yatoke. Michoro ya mbao itaonekana vizuri. Panga hivi: cheusi, vyeupe viwili, cheusi, cheupe cha katikati, cheusi, vyeupe viwili, cheusi. Kwenye kile cha katikati, andika jina kwa chuma chenye moto, herufi za santimetre 2 na nusu. Chora na kalamu kwanza, moto haufutiki.

Hapana kupaka verni juu: ikiloa inateleza, na tutarudi kwa mama aliyeanguka. Hapana pia kupaka mafuta ya gari yaliyotumika. Yana sumu, na mabote yatayabeba mpaka karibu na chakula.

Kuiweka na kuitunza

Iweke inje ya mulango, chini ya bati kama linafika. Mbao zilale sambamba na mulango, ili mutu anayeingia avute mguu kwa kukata mbao, si kwa kuzifuata. Kama mulango unafunguka kuelekea inje, acha nafasi yake. Kama mbele ya depo ni udongo tu, chimba shimo la santimetre 10 kwenda chini, pana kidogo kuliko pailasoni, ulijaze vijiwe ili maji yapite.

Kila wiki, na kila siku wakati wa mvua nyingi, inueni pailasoni, muipige, mukwangue matope yaliyo chini. Yale matope yasitupwe katika shamba la viazi; yatupwe katika shimo, mbali. Kisha ioshwe kwa maji na sabuni, isimame juani ikauke. Komite iandike zamu kwenye ukuta. Kazi ya wote bila jina inabaki kazi ya hakuna.

Kitu ambacho haiwezi kufanya

Tusidanganyane: pailasoni haiui ugonjwa. Inapunguza udongo unaoingia, basi. Kama depo yenu inalinda mbegu ya viazi, wekeni pia ndoo ya maji, burashi na sabuni kando yake. Wale wanaotumia javel wakumbuke kusugua matope kwanza, kwa sababu javel ikikuta udongo inapoteza nguvu. Mbegu ikae juu ya vitanda vya mbao, si chini. Na muti wa viazi ulionyauka ungolewe pamoja na viazi vyake na udongo unaoushika, hata kama roho inauma.

Vijana wanaojua kazi hii wanaweza kuuzia shule, kituo cha afya, na nyumba za jirani. Kabla ya kutaja bei, andikeni mbao, misumari na siku ya kazi. Faida isiyohesabiwa mara nyingi ni hasara.

Anzeni na moja, mbele ya depo yenu. Wakati tutapita kuwatembelea, tutaangalia kwanza chini, na tutapangusa miguu kama wengine.