Kijana aliyekosa kuchaguliwa: Je, ataifikia ligi kuu ya magongo ya barafuni?

KATIKA biashara yoyote, bei ya kwanza si lazima iwe bei ya haki. Mkulima anayeuza mahindi yakiwa bado mabichi shambani analijua vizuri jambo hili. Mnunuzi anakuja, anatazama mabua, anakisia idadi ya magunia na kutaja bei. Akikisia vibaya, mmoja wao ataumia siku ya kuvuna.

Huko Canada na Marekani lipo soko la namna hiyo, ila kinachopimwa humo ni vijana wa miaka 18. Ni soko la wachezaji wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, ambako kisahani kigumu cha mpira huchukua nafasi ya mpira wa mviringo na wachezaji huvaa viatu vyenye bapa la chuma ili wateleze. Afrika Mashariki mchezo huu si mgeni kabisa. Jijini Nairobi, vijana wa timu ya Ice Lions walijifunza katika uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, na mwaka 2018 walipelekwa Canada ambako walicheza pamoja na nyota wa huko, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Makala haya yanajibu swali moja linalowasumbua wazazi, wadhamini na mawakala wengi: kijana asipochaguliwa kwenye soko hilo, tutapimaje nafasi yake ya kufika ligi kuu, yaani NHL? Msomaji ataona kuwa hesabu yake haitofautiani sana na ile ya kuamua kama ndama aliyekataliwa na mnunuzi anafaa kuendelea kulishwa.

Soko lenyewe linavyofanya kazi

Kila mwaka timu za NHL hukutana na kuchagua vijana kwa zamu. Tangu mwaka 2005 uteuzi huo una raundi saba, na kwa kuwa sasa timu ni 32, vijana wapatao 224 huitwa majina kila mwaka. Timu ikimchagua kijana hailazimiki kumwajiri. Inachopata ni haki ya kuwa mnunuzi pekee wa kuzungumza naye kuhusu mkataba kwa muda uliowekwa. Ni kama kilimo cha mkataba, ambapo kampuni moja hupewa eneo lake na wanunuzi wengine hawaruhusiwi kuingia.

Asiyechaguliwa hadi umri wa uteuzi ukapita huwa mkulima aliye nje ya mkataba. Hana mnunuzi wa uhakika, lakini yuko huru kumuuzia yeyote atakayetoa masharti bora. Uhuru huo una thamani yake, ingawa unamfaa tu aliye na bidhaa inayotafutwa.

Tutazame wingi wa bidhaa na ufinyu wa soko. Ligi kubwa za vijana za Canada zina timu zipatazo 60, na vyuo vikuu vya daraja la kwanza nchini Marekani vina timu zaidi ya 60. Tukiweka wachezaji 25 kwa kila timu, tunapata vijana wapatao 3,000, bila kuhesabu Sweden, Finland, Urusi na nchi nyingine za Ulaya. Upande wa pili, kila timu ya NHL inaruhusiwa wachezaji 23 katika kikosi chake, na 20 tu ndio huvaa jezi siku ya mechi. Timu 32 mara 23 ni nafasi 736 kwa dunia nzima, na nyingi kati ya hizo zina wenyewe kwa miaka kadhaa ijayo.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni la ukweli mchungu: wengi hawafiki. Anayetaja majina ya waliofika peke yake anafanana na muuza mbegu anayeonyesha shamba moja lililostawi na kuyaficha yaliyokauka. Hata hivyo, waliofika wanatufundisha nini cha kutazama.

Mfano wa Martin St. Louis

Martin St. Louis alizaliwa Laval, katika jimbo la Quebec, Juni 1975. Katika uteuzi wa mwaka 1993 timu zilikuwa 26 na raundi 11, hivyo vijana 286 waliitwa. Jina lake halikuwamo, wala halikutajwa miaka iliyofuata. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 173, na wakati huo timu nyingi zilitaka watu wenye miili mikubwa.

Aliyeitwa wa kwanza kabisa mwaka huo alikuwa kijana mwingine aliyezaliwa 1975, Alexandre Daigle, aliyechukuliwa na timu ya Ottawa. Alipewa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 12.25. Bei hiyo iliwashtua wenye timu, na mwaka 1995 wakaingiza katika makubaliano ya kazi kikomo cha mshahara kwa wachezaji wapya.

St. Louis alikwenda Chuo Kikuu cha Vermont, akapata pointi 267 katika mechi 139. Pointi moja hutolewa kwa bao, na moja kwa pasi iliyozaa bao. Mwaka 1997 alijaribiwa na Ottawa bila kupata mkataba, akaenda kucheza Cleveland katika ligi ya chini. Februari 1998 timu ya Calgary ikamsajili.

Katika msimu wa 1998–99 alicheza zaidi katika timu ya pili ya Calgary iliyokuwa Saint John, kwenye ligi ya AHL, ambayo iko ngazi moja chini ya NHL. Huko alipata pointi 62 katika mechi 53. Msimu uliofuata alipewa mechi 56 katika timu kubwa, akapata pointi 18 tu. Mwaka 2000 uongozi wa Calgary ulibadilika. Timu ikamwacha bila ulinzi wakati timu mpya zilipokuwa zikichukua wachezaji, lakini hakuna iliyomtaka. Mwishowe Calgary iliununua mkataba wake ili aondoke.

Tampa Bay ilimchukua Julai 2000. Msimu wa kwanza alipata pointi 40 katika mechi 78. Msimu wa 2003–04 aliongoza ligi nzima kwa pointi 94, akatajwa mchezaji bora, na timu yake ikatwaa Kombe la Stanley kwa kuifunga Calgary hiyohiyo mechi nne kwa tatu. Alistaafu mwaka 2015 akiwa na pointi 1,033 katika mechi 1,134. Daigle alimaliza na pointi 327 katika mechi 616.

Je, kulikuwa na dalili?

Hapa ndipo mchumi anapochukua kalamu. Watakwimu wa mchezo huu wana njia ya kubadili pointi za ligi moja kuwa za ligi nyingine, kama tunavyobadili debe kuwa kilo. Kipimo kilichoenezwa na Gabriel Desjardins miaka ya 2000 kiliweka pointi moja ya AHL kuwa sawa na takriban 0.45 ya NHL.

Pointi 62 kwa mechi 53 ni 1.17 kwa mechi. Zidisha kwa 0.45, unapata takriban 0.53. Sasa linganisha na msimu wake wa kwanza Tampa Bay: pointi 40 kwa mechi 78 ni 0.51. Karibu ni namba ileile! Kipimo hicho kilikuja baadaye, na ni wastani unaoweza kumkosea mtu mmoja mmoja. Lakini kinaonyesha kuwa mavuno ya Tampa Bay hayakuwa muujiza. Dalili zilikuwa daftarini mwaka mmoja kabla Calgary haijamwacha.

Basi kwa nini aliachwa? Mchezaji aliyechaguliwa raundi ya kwanza ana mtaji wa timu ndani yake. Akikosea msimu mmoja, meneja aliyemchagua atamtetea, kwa sababu kumwacha ni kukubali hasara. Asiyechaguliwa hana mtetezi wa namna hiyo, na meneja aliyemsajili akiondoka, mpya haoni alichopoteza. Kukosa kuchaguliwa hakusemi kwa uhakika kijana ana uwezo gani. Kunachopunguza ni idadi ya makosa anayoruhusiwa kufanya. Anayempima kijana wa aina hii apime mambo mawili kwa pamoja: uzalishaji wake, na nafasi atakazopewa.

Mambo ya kupima

Kwanza, umri. Vijana wawili wana pointi 60 kwa mechi 60 katika ligi moja. Mmoja ana miaka 18, mwingine 20. Hao si sawa hata kidogo, kwa kuwa wa pili anacheza na wadogo zake. Kijana wa miaka 20 anayetafuta mkataba inabidi awapite wenzake kwa mbali, si kulingana nao.

Pili, ligi. Pointi za ligi dhaifu zigeuzwe kwanza kabla ya kulinganishwa. Namba kubwa zilizopatikana mahali pa chini zisikulevye.

Tatu, mabao yamepatikanaje. Katika mchezo huu anayefanya kosa hutolewa nje kwa dakika kadhaa, na wapinzani wakabaki na mtu zaidi. Kijana aliyepata pointi nyingi katika dakika hizo anaweza kukosa kazi ligi kuu, kwa sababu huko dakika hizo hupewa nyota. Tazama anachofanya timu zikiwa sawa kwa idadi.

Nne, nafasi anayocheza. Golikipa na beki huchelewa kukomaa kuliko washambuliaji. Sergei Bobrovsky wa Urusi hakuchaguliwa. Philadelphia ilimsajili mwaka 2010, akawa golikipa bora wa ligi mwaka 2013 na 2017, na akatwaa kombe na Florida mwaka 2024 na 2025. Beki Mark Giordano alisajiliwa na Calgary mwaka 2004 bila kuchaguliwa, akaenda Moscow kwa msimu mmoja mwaka 2007 alipokosa kuelewana nao kuhusu mkataba, kisha akarudi. Alitajwa beki bora mwaka 2019, akiwa na miaka 35.

Tano, mlango wa timu. Timu hairuhusiwi kuwa na mikataba zaidi ya 50. Kabla ya kutia saini, kijana ahesabu wangapi wanacheza nafasi yake, wana umri gani na mikataba yao inaisha lini. Timu yenye jina kubwa iliyojaa si bora kuliko timu ndogo yenye pengo. Hapa ndipo uhuru wa asiyechaguliwa unapokuwa na faida, maana mwenzake aliyechaguliwa hana ruhusa ya kuchagua mlango.

Sita, muda wa mkataba. Chini ya makubaliano ya kazi ya mwaka 2013, mchezaji anayesaini mkataba wa kwanza akiwa na miaka 18 hadi 21 hufungwa miaka mitatu, wa 22 na 23 miaka miwili, na wa 24 mwaka mmoja. Anayechelewa hufika haraka kwenye mazungumzo mapya ya mshahara, lakini pia ana muda mfupi wa kujithibitisha.

Gharama na subira

Tofauti ya malipo ndiyo inayofanya watu waendelee kusubiri. Msimu wa 2025–26 mshahara wa chini kabisa NHL ulikuwa dola 775,000. Ligi za chini hulipa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Mtu anaweza kuzunguka huko hadi miaka 28 akiamini simu italia kesho.

Habari njema ni kuwa barabara imeongezeka. Zamani kijana aliyecheza ligi kubwa za Canada alijifungia mlango wa vyuo vya Marekani. Uamuzi wa Novemba 2024 ulifuta kizuizi hicho kuanzia Agosti 2025. Sasa kijana wa miaka 20 aliyekosa kuchaguliwa anaweza kuingia chuoni, akacheza miaka kadhaa zaidi mbele ya wasaka vipaji na akapata shahada. Tukumbuke kuwa ni chuoni ambako St. Louis alionekana. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba nafasi chuoni sasa zinagombewa na watu wengi zaidi.

Ushauri wetu kwa familia yenye kijana wa aina hii, iwe Toronto au Minnesota, ni kuweka daftari kama la shamba. Andikeni kila msimu umri, ligi, mechi, pointi na namna zilivyopatikana. Kila mwaka namba iliyogeuzwa iwe juu kuliko ya mwaka uliotangulia. Ikipanda, ongezeni subira hata kama hakuna aliyepiga simu. Ikisimama kwa misimu miwili mfululizo huku umri ukisonga, msidanganywe na sifa za wakala, kwa kuwa yeye hapotezi miaka.

Pia wekeni kikomo mapema: ni fedha kiasi gani na hadi umri gani. Kikomo kilichoandikwa kijana akiwa na miaka 19 ni rahisi kukiheshimu kuliko kile kinachotafutwa akiwa na miaka 26, akiba imekwisha na hana ujuzi mwingine mkononi.