Gerard Cieślik: Mwana wa Chorzów Asiyehama

Vijana wetu siku hizi humtaja mchezaji kwa bei yake kabla ya jina lake. Kwa ajili hiyo tumeona tuwasimulie habari za Gerard Cieślik, mshambuliaji wa Poland aliyeitumikia klabu moja tu ya nyumbani kwao, Ruch Chorzów.

Alizaliwa tarehe 27 Aprili 1927 katika Hajduki Wielkie, ambayo leo ni sehemu ya Chorzów, katika Silesia, nchi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Mwaka 1939 Ujerumani iliivamia Poland, ikalitwaa jimbo lile na kuwahesabu wengi wa wakazi wake kuwa Wajerumani, wapende wasipende. Vijana wao wakavikwa sare za jeshi la mvamizi, Cieślik akiwa mmojawapo, naye bado mtoto machoni pa mama yake. Mzazi mwenye mwana wa umri huo hahitaji kuelezwa zaidi. Alinusurika, akarejea nyumbani.

Alikuwa mfupi wa kimo. Ruch ilipotwaa ubingwa wa nchi mfululizo, 1951, 1952 na 1953, yeye ndiye aliyeongoza kwa mabao ligini katika miaka miwili ya mwisho. Timu ya taifa aliichezea mara 45, akaifungia mabao 27.

Ila Wapoland humkumbuka zaidi kwa tarehe 20 Oktoba 1957. Siku hiyo Umoja wa Kisovieti ulikuja Chorzów kwa mchujo wa Kombe la Dunia, baada ya kuifunga Poland 3-0 mjini Moscow. Watazamaji walikuwa wapatao 100,000, na si mpira peke yake uliowaleta. Mwaka mmoja nyuma wafanyakazi wa Poznań waliodai mkate walipigwa risasi, na vifaru vya Kisovieti vikaingia Budapest. Manung'uniko yaliyokatazwa barabarani, uwanjani yaligeuka kelele za kushangilia, na nani angewakamata watu laki moja? Cieślik alifunga mabao mawili, Poland ikashinda 2-1, naye akabebwa juu ya mabega.

Mwezi uliofuata, katika mchezo wa marudio mjini Leipzig, Wasovieti walishinda 2-0, wakaenda Sweden wao.

Cieślik aliacha kucheza mwaka 1959, akabaki pale pale Ruch akiwafundisha watoto. Alifariki tarehe 3 Novemba 2013, mjini Chorzów, akiwa na miaka 86.