Kazi ya mwezi isipotee kwa dakika moja

NI saa sita za usiku. Mwanao, mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuoni, amejifungia chumbani akikamilisha mradi wa kompyuta ambao mhadhiri wake anautarajia asubuhi. Majuma sita ameutolea jasho. Ghafla umeme unapotea mtaani. Unaporudi, kompyuta inakataa kuwaka, na kijana anabaki ameshika tama asijue pa kuanzia.

Kaka yake atamlaumu kwa uzembe. Mama atasema kompyuta ile ilikuwa kuukuu tangu siku ilipoingia nyumbani. Baba ataanza kupiga hesabu ya laptopu mpya, na hesabu yenyewe haitamfurahisha. Lakini, msomaji, huenda wote watatu hawajagusa kiini cha mambo. Kompyuta yoyote, iwe mpya au ya mitumba, ina siku yake ya kufa. Swali ni je, siku hiyo ikifika, itaondoka na kazi kiasi gani?

Mwanaprogramu, yaani mtu anayeunda programu za kompyuta, ni fundi kama alivyo seremala au mshonaji. Naye ana zana zake. Tofauti ni kwamba seremala hununua randa na msumeno dukani, ilhali zana nyingi bora za mwanaprogramu hupatikana bila malipo na tena kihalali. Kinachotakiwa ni kuzijua na kuzizoea. Hebu tuzitazame chache, tukianza na zile zinazolinda kazi isipotee.

Kalamu ya fundi

Zana ya kwanza ni kihariri. Humo ndimo mwanaprogramu huandika msimbo, yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Wanafunzi wengi siku hizi hutumia Visual Studio Code, ambayo kampuni ya Microsoft iliitoa mwaka wa 2015. Haina malipo, na hufanya kazi katika Windows, Mac na Linux. Huyatia maneno rangi ili jicho liyatofautishe upesi, hupiga mstari chini ya kosa, na hupendekeza neno hata kabla hujalimaliza. Muhimu zaidi, katika menyu yake ya faili mna sehemu ya kuifanya ihifadhi kazi yenyewe bila kuambiwa. Ikiwa hujaiwasha, iwashe leo. Mwenye kompyuta isiyo na nguvu nyingi anaweza kujaribu Notepad++, kihariri chepesi cha Windows kilichoanza mwaka wa 2003.

Kisha kuna mkongwe aitwaye Vim, aliyeundwa na Mholanzi Bram Moolenaar na kutolewa kwa umma mwaka wa 1991. Mgeni akiifungua Vim mara ya kwanza huchanganyikiwa, kwani kila kitu hufanywa kwa kibodi wala kipanya hakihitajiki. Hata hivyo, aliyeizoea huandika kwa kasi ya ajabu. Isitoshe, unapoandika, Vim huweka pembeni faili ya muda na kuiongezea kazi mpya kila baada ya herufi 200, au ukitulia kwa sekunde nne. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukifungua faili ile tena utaulizwa kama wataka kurejeshewa ulichokuwa umeandika.

Yamkini hukujua kwamba Vim ina uhusiano na majirani zetu. Mwaka wa 1994 Moolenaar alijitolea kufanya kazi kwa mwaka mmoja katika kituo cha watoto huko Kibaale, kusini mwa Uganda, eneo ambalo Ukimwi ulikuwa umewaacha watoto wengi mayatima. Hakuwatoza watumiaji wa Vim hata senti. Aliwaomba tu wale walioipenda wawachangie watoto hao, na kwa miaka mingi ombi hilo lilijitokeza kwenye kioo cha kila aliyeifungua, popote duniani. Moolenaar alifariki mwezi wa Agosti mwaka wa 2023.

Kumbukumbu ya kila hatua

Kuhifadhi faili ni jambo moja, kukumbuka jinsi ilivyokuwa jana ni jambo jingine. Tazama kompyuta ya mwanafunzi yeyote asiye na zana inayofaa. Utakuta faili iitwayo "mradi", nyingine "mradi mpya", nyingine "mradi mpya kabisa", na nyingine "mradi wa mwisho wa kweli". Ukimuuliza ipi inafanya kazi, atakuna kichwa.

Dawa ya ugonjwa huu ni Git. Iliundwa na Linus Torvalds, yule Mfini aliyeanzisha Linux mwaka wa 1991. Mnamo Aprili 2005, kampuni iliyomiliki zana waliyoitumia yeye na wenzake iliondoa ruhusa ya kuitumia bure. Torvalds akaketi na kuunda yake, na katika muda wa siku chache ilikuwa tayari ikitunza kumbukumbu za msimbo wake yenyewe.

Git hufanya kazi namna hii. Kila mwanaprogramu anapofikia hatua fulani, huiagiza itie kazi yote kwenye kumbukumbu, pamoja na maelezo mafupi, mathalan, "nimerekebisha ukurasa wa malipo". Kesho akiharibu, hurudi kwenye hatua ya jana. Akitaka kujaribu wazo jipya, hufungua tawi la pembeni na kulifanyia majaribio huko bila kuigusa kazi iliyo nzima. Wazo likifaulu, huliunganisha na shina. Likishindwa, hulikata. Zaidi ya hayo, haya yote hufanyika bila intaneti, kwa kuwa historia nzima imo ndani ya kompyuta yako. Kwa mwanafunzi anayenunua data kwa shilingi za kuhesabu, hiyo si faida ndogo.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Historia ikiwa ndani ya laptopu pekee, mwizi akiibeba laptopu ameibeba na historia. Ndiyo maana kazi hupelekwa pia katika hifadhi ya mtandaoni kama GitHub, iliyofunguliwa mwaka wa 2008. Wajuzi wana kanuni rahisi ya kukumbuka: weka nakala tatu za kazi, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yake ikae mbali na nyumbani. Laptopu, flashi na hifadhi ya mtandaoni zinatosha kuitimiza.

Nawe mwanafunzi, tahadhari na jambo moja. Ikiwa programu yako inapokea malipo, tuseme kwa M-Pesa, utakuwa na funguo za siri za kuiunganisha na mfumo huo. Usizitie funguo hizo katika hifadhi iliyo wazi kwa umma. Ukizifuta baadaye bado zimo, kwani kazi ya Git ni kukumbuka. Zikishavuja, dawa ni kuzibatilisha mara moja na kuomba nyingine.

Wasaidizi wadogo

Baada ya hizo mbili kubwa, zipo programu ndogo zinazookoa dakika hapa na pale. Katika Windows, ubonyezapo kitufe cha Windows pamoja na herufi V, hutokea orodha ya mambo uliyonakili karibuni, badala ya lile la mwisho tu. Huduma hii ilikuja na Windows 10 mwaka wa 2018, na mara ya kwanza utaombwa uiwashe. Ila ujue kwamba maneno ya siri unayoyanakili huweza kubaki katika orodha hiyo, na mwenye kuitumia kompyuta baada yako akayaona.

Kwa maneno ya siri, tumia KeePass. Hii huyafungia yote ndani ya faili moja yenye kufuli, inayofunguliwa kwa neno kuu moja. Hivyo huna haja ya kutumia neno lilelile kila mahali, wala kuyaandika nyuma ya daftari. Lakini ukilisahau neno kuu, hakuna wa kukufungulia. Likariri vizuri.

Je, hupoteza muda ukiisaka faili usiyokumbuka uliiweka wapi? Everything, programu ndogo ya Windows, hupanga majina ya faili zote kwenye kompyuta na kukuletea uitakayo papo hapo unapoandika jina. Nayo Zeal hukuwezesha kupakua vitabu vya maelezo vya lugha mbalimbali za kompyuta mara moja, ukiwa penye intaneti ya bure, kisha ukavisoma nyumbani bila intaneti.

Saa ya nyanya

Zana nyingine haihitaji hata kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi mmoja Mwitaliano, Francesco Cirillo, aliona kwamba anaketi na vitabu lakini hasomi. Akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya na kujiwekea muda wa kusoma bila kuinua kichwa. Utaratibu wake, unaojulikana kwa neno la Kiitaliano la nyanya, Pomodoro, ni huu: fanya kazi dakika 25, pumzika dakika tano. Ukimaliza vipindi vinne, pumzika kwa muda mrefu zaidi. Zipo programu nyingi za bure za kuhesabu vipindi hivi, lakini hata saa ya simu inatosha, mradi simu yenyewe iwe chumba kingine.

Mzazi, hapa wewe nawe una wajibu. Anayeandika msimbo hubeba mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja. Ukimwita aende dukani kuleta maziwa katikati ya kipindi, huenda akarudi na maziwa lakini fikira zimemwagika. Subiri dakika zake 25 ziishe.

Usikimbilie kununua

Watu wengi hudhani kwamba bila mashine ghali mtoto wao hawezi kufua dafu. Sivyo. Zana nyingi tulizozitaja hazina makuu. Ni kweli kwamba Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Lakini kabla hujaitupa yako, jaribu Linux Mint, mfumo wa bure ambao huzipa kompyuta kama hizo maisha mapya. Git, Vim, Zeal na Visual Studio Code zote hufanya kazi humo. Nakili kazi yako kwanza, kisha ndipo ubadilishe mfumo.

Jiepushe pia na programu za wizi zinazopitishwa mkono kwa mkono kwenye flashi. Nyingi huja na virusi, na kirusi kimoja chaweza kuimaliza kazi ambayo umeme haukuimaliza. Pakua programu kutoka kwa waundaji wenyewe. Tena usizirundike ishirini kwa siku moja. Chagua kihariri kimoja, ongeza Git, kisha zoea hizo mbili mpaka vidole vizifuate bila kufikiri. Nyingine zitakuja kadiri haja inavyojitokeza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo leo jioni, baada ya chakula, muulize mwanao swali moja tu: "Kazi yako imehifadhiwa mahali pangapi?" Akikujibu "pamoja", ahirisheni mazungumzo ya laptopu mpya. Mwambie atafute flashi na kuanza kunakili, kabla umeme haujapotea tena.