SOMO LA REDIO: NANI ATAULIZA UMRI WA MTOTO?

Leo tujifunze habari za mitandao ya simu na umri wa watu waitumiao.

Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kuwa mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini simu haimjui aishikaye. Kwa hiyo serikali kadhaa zinawaamuru wenye mitandao wapime umri wa watu. Kenya ilitoa miongozo yake Aprili 2025. Uingereza ilianza ukaguzi Julai 2025.

Facebook ni kama shamba kubwa la chai. Lina ofisi moja, na mkaguzi aujua mlango wa kubisha. Mastodon, ulioanzishwa mwaka 2016, ni kama wakulima wadogo wa chai. Kila mmoja ana shamba lake, lakini njia ya kupitisha mizigo ni moja. Kuna seva maelfu, yaani mashine za kuhifadhi habari, na kila seva ina msimamizi wake.

Je, mkaguzi abishe wapi? Agosti 2025 wakuu wa Mastodon walisema kuwa wao hawana njia ya kupima umri. Kila msimamizi aamue mwenyewe kwa sheria ya mahali pake. Msimamizi aweza kuuliza tarehe ya kuzaliwa, lakini mtoto aweza kudanganya.

Mtandao wa Bluesky ulikubali ukaguzi wa Uingereza. Lakini jimbo la Mississippi, Marekani, lilitaka kila mtu akaguliwe, na faini ilifika dola 10,000 kwa kosa moja. Tarehe 22 Agosti 2025 Bluesky ilifunga programu yake jimboni humo. Waliotumia programu nyingine za mtandao huo huo hawakufungiwa.

Kwa nini wengine husita? Ili kumtambua mtoto, watu wazima nao huombwa kitambulisho au picha ya uso. Msimamizi mdogo hana fedha za kuvilinda. Hata wakubwa huibiwa: Oktoba 2025 kampuni ya Discord ilitangaza kuwa picha za vitambulisho vya watu wapatao 70,000 huenda zilivuja.

Basi, mzazi, usiiachie sheria peke yake. Muulize mwanao atumia mtandao gani, nawe ukae naye autumiapo. Na kabla hujatoa kitambulisho chako, uliza ni nani atakayekitunza.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini ni vigumu kukagua Mastodon kuliko Facebook?
2. Nyumbani kwako, ni nani aishikaye simu usiku?